Papai Lililomhukumu Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Kulesa hakuna aliyebishana na papai. Mwizi asipojulikana, aliitwa mganga wa kiraho, kile kiapo chetu Wagiriama, na kila aliyeshukiwa alitafunishwa kipande cha papai bichi lililosomewa maneno. Asiye na hatia alimeza na kwenda zake shambani. Mwizi alivimba midomo mbele ya watu.

Nikiwa darasa la tatu, pampu ya maji ya kikundi cha wakulima iliibwa kando ya mto. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na jua lilikuwa kali ajabu. Bila pampu tungelala njaa. Ufunguo wa kibanda ulikuwa ukishikwa na watu watatu: baba yangu Karisa, mdogo wake Kazungu, na jirani yetu mmoja. Wote walikubali kula.

Baba mdogo Kazungu ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani mafuriko yalipokata njia ya shule. Asubuhi ile aliketi mkekani akinitania.

“Kadzo, ukiniona nimevimba, ujue ni nyuki.”

Baba alitafuna wa kwanza, akameza, akajifuta mdomo. Jirani naye vivyo hivyo. Kisha Kazungu. Hatukungoja sana. Mdomo wake wa juu ulianza kufura, ukafuata wa chini, hadi macho nayo yakazibika. Alijaribu kusema, maneno hayakutoka.

“Ndiye!” mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukaitikia. Nami niliitikia.

Alifukuzwa siku ileile, akahamia kijiji cha Idsowe. Tangu hapo, kuku akipotea Idsowe, anayetafutwa ni yeye. Akiomba kibarua, ananyimwa. Baada ya miaka michache alishikwa Garsen na baiskeli isiyo yake, akafungwa. Nyumbani watu walisema papai lilijua mapema.

Mwaka huu nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa sosholojia chuoni, somo la uhalifu na ukiukaji wa kaida. Nilirudi nyumbani nipate utulivu wa kusoma. Mama alikuwa ameketi kando yangu kibarazani akichambua mchele.

“Unasoma nini hata nikikuita husikii?”

“Nasoma habari za wezi, Mama. Jinsi mtu anavyoitwa mwizi mpaka mwisho anakuwa mwizi kweli. Nataka kutoa mfano wa baba mdogo na ile pampu.”

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

“Usimwandike.”

“Kwa nini?”

“Pampu aliiuza baba yako.”

Baba tulikwisha kumzika. Nilimuuliza Mama alijua lini, nikitumaini atasema ni juzijuzi, labda Baba alimwambia akiwa mgonjwa.

“Siku ile ya kiraho nilikuwa tayari najua, nilikuwa nimeziona pesa zake,” alisema. “Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilipoona baba yako amemeza salama, mimi mwenyewe nilichanganyikiwa. Nikanyamaza. Mlikuwa wadogo, Kadzo.”

Sikujua nianze kumkasirikia nani.

Kesho yake nilikwenda Garsen. Nilimkuta baba mdogo chini ya kipande cha turubai, akiziba tyubu ya baiskeli ya mtu. Nywele zote mvi. Nilimwambia yote, nikalia, nikamwomba radhi kwa niaba ya marehemu na kwa niaba yangu. Nilidhani atatukana. Nilidhani pia kwamba huenda alikuwa akijua muda wote.

“Unasema ni Karisa?”

“Ndiye.”

Aliiweka tyubu chini taratibu.

“Mimi nilidhani niliiba,” alisema. “Papai halikosei, ndivyo tulivyolelewa. Kule jela nilikuwa nikilala naitafuta siku niliyoichukua ile pampu. Nikasema labda nilipagawa, labda nilikuwa sijijui. Miaka yote hiyo, mwanangu, sikuipata hiyo siku.”

Midomo ile ilivimbishwa na nini, sijui. Wako watu ambao papai bichi huwadhuru. Pengine alikuwa mmoja wao, na hakuna aliyefikiri kuuliza. Mtihani nimeufanya. Niliandika jinsi kijiji kizima kinavyoweza kuamini kwamba mtu ni mhalifu. Kwamba mtu huyo naye anaweza kuamini, akajitafutia kosa asilolifanya hadi nywele zikageuka mvi, hilo sikuliona katika kitabu chochote, na mkono wangu ulikataa kuliandika.

Mama amesema Jumamosi atakwenda Garsen kumwambia mwenyewe, kisha awaambie wazee wa kikundi. Anaogopa. Sikumsukuma. Nilimwambia tu kwamba shemeji yake amezeeka, asichelewe.