Mama wa Isale na Shanga za Kompyuta

Ukitaka kunicheka, cheka sasa, maana nikimaliza hutacheka. Haya sikusimuliwa. Yalinipata mimi mwenyewe pale Moshi mjini, miaka ile ya Ujamaa, nilipokuwa fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja ya kahawa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama makabati mawili. Kumbukumbu yake ilikuwa pete za sumaku, ndogo kama punje za ulezi, zimetungwa kwa nyaya za shaba mithili ya shanga. Umeme ukikatika, hazisahau kitu. Ila zina kasoro moja: ukizisoma, zinafutika papo hapo. Lazima mashine iandike upya ilichosoma, la sivyo kimekwenda.

Jioni moja umeme ulikatika, nikabaki peke yangu nikiungoja. Akaingia mwanamke wa makamo, kanga mabegani, jani la isale mkononi. Sisi Wachagga tunajua: mwenye isale anaomba msamaha, na hakataliwi. Nikalipokea. Sikumuuliza amenikosea nini. Wewe ungeuliza?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akazipapasa zile shanga kwa vidole vyenye makovu membamba, kama vimekatwa na nyaya. "Mama yako yupo?"

"Alishafariki. Tumemzika kihambani, shamba la ukoo wetu kule Marangu, kwenye migomba."

"Pole. Hebu nisimulie alivyokuwa."

Nikasimulia, tena kwa raha, maana nilimpenda mno. Najua nilimtajia jina la mama, nikaiga sauti yake. Ila nilisema nini hasa? Sijui! Nakumbuka tu kifua kikizidi kuwa chepesi.

Umeme ukarudi. Hakukuwa na mtu, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Isale mezani lilikuwa limekauka. Hofu ikanishika, nikataka kumwita mama yangu kwa jina. Jina halikuja. Sura haikuja.

Dada yangu amenitajia jina hilo mara nyingi. Nalitamka, lakini ni la mtu nisiyemjua. Kila Krismasi ndugu zangu wanalia kaburini, mimi natazama migomba tu. Inaniuma kuliko msiba wenyewe.

Kwa hiyo nisikilize. Mgeni akikuletea isale, uliza kwanza kosa lake. Akikuuliza habari za marehemu wako, funga mdomo. Mimi hata kumlaani siwezi. Nilishamsamehe kabla hajachukua.