Siku Papa Alipopika Mbele ya Wajomba

Puaro, yale majani marefu yanayonuka kitunguu, yana harufu yake pale yanapoanza kushikwa na moto kwenye ukingo wa chuma. Si harufu ya kitu kilichoungua, wala si ya mboga iliyoiva tu. Ni ya katikati, tamu na kali kwa pamoja, na ikikutana na mafuta ya mawese yaliyopata moto inakuwa kama mtu anayekuita kwa jina la nyumbani. Nikiipata hiyo harufu, hata kama nina haraka zangu, ninasimama. Wenzangu wamezoea. Wananiambia, Riziki, twende, na mimi ninabaki nimenyoosha pua kama mbuzi aliyesikia mvua. Sijawahi kuwaeleza sababu, maana haielezeki njiani. Ninyi mmekaa, basi nitawaeleza ninyi.

Papa yangu alikuwa anapika.

Ninasema hivyo wazi kwa makusudi, kwa sababu nilipokuwa mdogo maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, kama unavyosema kwamba fulani ni mwizi. Tuliishi kwenye kilima kilicho juu ya Shasha, kando ya ziwa, upande wa Masisi, kwenye kijiji cha wazazi wa Mama. Hilo lenyewe lilikuwa kosa la kwanza la Papa. Kwa watu wetu, mwanaume anamleta mke kwao, hafuati mke kwa wakwe. Lakini kwao kulikuwa mbali, ndani ya msitu wa Walikale, na alikuwa ametoka mgodi wa Bisie akichechemea. Zile zilikuwa siku watu walipochimba kasiterite, mawe ya madini ya bati, kule kwa nyundo na mikono, kabla ya mashine, na jiwe lilikuwa limemwangukia kwenye nyonga. Aliweza kutembea. Kupanda mteremko wetu na jembe begani, ule mteremko ambao hata kuku huushuka kwa kufikiri, hakuweza.

Basi Mama akaanza biashara ya samaki. Alikuwa anashuka Shasha alfajiri, ananunua kwa wavuvi, anapeleka Sake au anapanda nao vilimani akiuza mlango kwa mlango, beseni kichwani, mdogo wangu mgongoni. Alirudi jioni miguu imevimba. Na Papa, aliyeshinda nyumbani akifuga sungura na kutengeneza viti vya watu, alikuwa amekwisha kupika.

Upishi huo aliutoa Bisie. Kule katika kundi lao hapakuwa na mwanamke. Walipika kwa zamu, na zamu ya Papa ilikuwa inasubiriwa. Alirudi na karai la chuma, zito, jeusi kama usiku wa msituni, na kipande cha bati alichokikunja kingo kikawa kifuniko chake. Alipoulizwa huko mgodini alipata nini, alikuwa anaonyesha karai. Watu walicheka wakidhani anatania.

Nitawaambia alivyofanya, maana sikumbuki sala zote nilizofundishwa lakini hiki ninakikumbuka. Chini ya karai alipanga viazi vilivyokatwa mviringo, vya shamba letu, vyenye ganda jekundu. Juu yake karoti, vitunguu, nyanya zilizopasuka zenyewe, na puaro nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Kisha samaki, tilapia wazima, wamechanjwa mbavuni na kusuguliwa chumvi, limao na pilipili, wamelala kichwa kwa mkia kama watoto kwenye mkeka mmoja. Mawese juu, kidogo. Halafu anafunika bati, anaweka karai juu ya babula, jiko letu la makaa, na makaa mengine mekundu anayapanga juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Hakuna maji hata tone.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, yaani kungoja. Mimi nilikuwa na kidole kisichotulia. Papa alikuwa ananipiga kofi jepesi la mkono na kuniambia, "Mwenye kufunua-funua anakulaka mbichi." Alikaa ameinamisha sikio, akisikiliza. Mwanzoni karai linanong'ona, kisha linazungumza, na likianza kugombana ujue puaro za pembeni zimeshikwa. Ndipo anafunua, na ile harufu inatoka, inapita kwenye matundu ya ukuta, inaenda kwa majirani bila kuitwa.

Na majirani ndio waliokuwa shida. Walimpa jina: Papa Karai. Wanaume kwenye kinywaji walisema mkono unaoshika mwiko hauwezi tena kushika mke. Wanawake, ambao ningedhani wangemwonea Mama wivu, ndio waliocheka zaidi. Walisema Mama amemlisha Papa dawa. Kwenye chemchemi watoto walikuwa wameshatunga wimbo, na siku moja nilimpiga mmoja wao na bidoni, dumu langu la maji, na bidoni haikuwa tupu. Mama aliposikia aliniadhibu kwa sababu ya maji yaliyomwagika. Juu ya yule mtoto hakusema neno.

Mambo yakafika kwa wajomba. Mama alikuwa na kaka wawili. Mkubwa, Mjomba Bahati, alikuwa mtu wa kanisa, mrefu, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuona kilicho chini yake. Shamba ambalo Mama alilima viazi na maharagwe siku zisizo za samaki lilikuwa lake. Alituazima Papa aliporudi na mguu ule, na alitupa kwa moyo mweupe, lazima niseme ukweli huo. Mdogo, Mjomba Safari, alikuwa anacheka kirahisi na kuogopa kaka yake kirahisi vilevile. Huyu ndiye aliyetumwa kutuambia kwamba siku ya Mungu, baada ya ibada, wakubwa watakuja. Alisema akiangalia sungura. Kaka anataka kukuta nyumba imekaa vizuri, alisema. Mke jikoni, mume kwenye kiti. Kama ni hivyo, maneno yatakuwa mafupi, na watu wote watabaki ndugu.

Mama alimshukuru kwa ujumbe. Siku iliyofuata alishuka Shasha kama kawaida, na alirudi na tilapia ambao sikuwa nimewaona nyumbani kwetu, wakubwa, wale wanaouzwa kwa wenye mahoteli. Aliwaweka chini mbele ya Papa. Wakatazamana. Papa akachukua kisu akaanza kutoa magamba.

Siku ya Mungu tulirudi kutoka ibada mbele ya wengine. Nilidhani Papa atapika haraka ndani, ajifiche na moshi, kisha Mama atoe chakula kana kwamba ni mkono wake. Ilikuwa rahisi sana kufanya hivyo. Nyumba nyingi zinaishi kwa hila kama hiyo na hakuna anayekufa. Lakini Papa aliinama, akaikamata babula kwa masikio yake mawili, akaitoa jikoni, akaiweka katikati ya uwanja, mahali ambapo njia yote ya kijiji inaona. Kisha akaniita nikate puaro.

Wajomba walimkuta amepiga magoti, anapanga viazi. Walikuwa wamekuja na Koko, nyanya yangu, mzaa Mama. Koko alipoona tu mkwe wake ameshika karai, alijifunika kitambaa usoni, akapita mbio nyuma ya nyumba. Kwa desturi hakupaswa kula wala kukaa mbele ya mkwe, lakini mbio zile zilizidi desturi.

Mjomba Bahati hakukaa. Papa aliwasalimu kwa heshima, akaomba radhi kwamba mikono yake ina samaki, akaendelea. Watu walikuwa wameanza kusimama kwenye njia, wametoka kanisani na nguo zao nzuri, wakijifanya wanangojana. Mjomba alizungumza kwa muda, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alirudia mambo ya mahari, ya jina la ukoo, ya vijana wanaotazama na kuiga. Mwisho akasema:

"Shemeji, tulikupatia dada yetu uoe. Hatukusema dada yetu atageuka bwana, na weye ugeuke bibi. Acha hii kazi leo, hapa, mbele ya hawa watu. Kama hapana, rudia kwenu mu pori."

Papa alikuwa anaweka makaa juu ya kifuniko. Kaa moja liliponyoka kwenye koleo, likaanguka kwenye majani. Nilidhani ni uzito. Alilikanyaga, akachukua lingine, akaliweka mahali pake. Ndipo alipojibu, bila kuinuka.

"Kaka Bahati, dada yako anabeba samaki ku kichwa toka ziwa mupaka hapa. Miye mguu yangu inakufa, lakini mikono iko mizima. Unataka nikae nayo tu, nimwangalie?"

Karai lilianza kunong'ona. Sijui kama mmewahi kuona watu wengi waliokasirika wakingoja chakula kiive. Ni kitu cha ajabu. Mjomba Bahati alitaka kuondoka na neno lake likiwa la mwisho, lakini alikuwa ameamuru, na hakuwa amepata jibu alilolitaka. Akabaki amesimama. Mjomba Safari alikaa, akainuka, akakaa tena. Mbuzi wa jirani akaja kuangalia. Karai likaanza kuzungumza, na harufu ikapenya kwenye kingo za bati, na niliona watu wa njiani, mmoja mmoja, wakimeza mate na kutazama juu kama wanaotafuta dalili za mvua.

Lilipoanza kugombana, Papa alifunua.

Sasa, mgeni mkubwa ndiye anayepewa kwanza. Kila mtoto anajua hivyo. Papa alikuwa ameshika sahani, ameielekeza kwa Mjomba Bahati, na huenda kama Mjomba angeipokea mambo yote yangeishia hapo, kwa namna fulani ya katikati. Lakini Mama alitoka mlangoni. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha ibada. Alikwenda kwenye kile kiti kikubwa kilichowekwa kwa ajili ya Mjomba, kiti alichokitengeneza Papa mwenyewe, akakaa. Akanyoosha miguu yake iliyopasuka visigino, watu wote waione.

"Nipatie miye wa kwanza," alisema. "Miye njo nilitembea."

Papa akageuza sahani. Akampa samaki mkubwa kuliko wote, na viazi vya chini vilivyoshikwa rangi ya kahawia, na puaro. Mama akala. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa anakula amesimama, akitafuna huku anafunga mzigo, siku ile alikula polepole, akitoa miiba na kuipanga pembeni mwa sahani, huku ukoo wake wote ukimtazama.

Mjomba Bahati alirekebisha kofia yake. Alisema tu, "Sawa," akaondoka, na watu wa njiani wakampisha. Mjomba Safari aliinuka kumfuata, akafika penye ua, akarudi, akasema atakula kidogo asimtukane aliyepika. Alikula vichwa viwili. Na mimi nilitumwa na sahani nyuma ya nyumba, kwa Koko, ambaye aliipokea bila kunitazama na kuniambia kwamba kizazi chetu kimelaaniwa. Baada ya kitambo alinirudishia sahani safi kama imelambwa, akaniambia niulize kama puaro zimebaki, lakini nisiseme nani ameuliza.

Nililala siku ile nikiwa mtoto wa watu walioshinda. Kesho yake kwenye chemchemi nilitembea kifua mbele, na hakuna aliyeimba.

Kabla maharagwe hayajakomaa, Mjomba Bahati alilichukua shamba lake. Hakupiga kelele, alipeleka tu watu wake na majembe. Bila shamba hatukuweza kukaa kilimani, na tulishuka Shasha na vitu vyetu, sungura ndani ya kikapu, tukapanga chumba karibu na ziwa chenye paa lililovuja. Tulikula ugali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, na mara nyingine ugali na chumvi. Papa alipika hivyohivyo. Baadaye alianza kuwapikia wasafiri wa barabara ya Minova, na tukapata kuishi, lakini hilo lilichukua muda mrefu na nilikonda sana kabla yake.

Kwa miaka niliamini kwamba wazazi wangu walishtukizwa. Kwamba siku ile waliwaka tu, kama watu wanavyowaka, na adhabu ikawajia nyuma bila kuitarajia. Nilifikiri ushujaa ndio huo: kutojua utakachopoteza. Niliwahi hata kumhurumia Papa kwa hilo, baada ya kumzika, nikisema moyoni kwamba kama angejua, angeirudisha babula jikoni.

Ni juzijuzi tu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilipomuuliza Mama. Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba yake hapohapo Shasha, anachambua sambaza. Nilimuuliza kama siku ile walikuwa wanafahamu kwamba shamba litaondoka. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama ziwa lina maji. Akaniambia walifahamu tangu Safari alipoleta ujumbe. Walizungumza siku ileile, wakapima kila kitu, hata sisi watoto tutakula nini. Papa ndiye aliyesema afadhali aache kupika. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa, na kesho yake alishuka kununua wale samaki wakubwa, ili kama ni kufukuzwa, wafukuzwe wameshiba.

Nikamwambia, lakini Mama, shamba lote lile.

Hakuacha kuchambua.

"Shamba ilikuwaka ya kaka yangu," alisema. "Papa yenu njo alikuwaka wangu."