Mama Mswaki akataa kuuita ukoga uozo

Saa mbili asubuhi, foleni imeshafika mlangoni mwa kliniki ya meno. Kabla mgonjwa hajaketi kwenye kiti, mwanamke mfupi aliyevaa aproni ya plastiki anamkabidhi mswaki mpya na kumwelekeza kwenye karo. Kisha anasimama nyuma yake, anatazama saa ya mkononi mpaka dakika mbili ziishe.

"Na huko nyuma, baba. Meno hayaishii mbele," anamwambia mzee mmoja anayetaka kumaliza haraka.

Wagonjwa wanamwita Mama Mswaki. Kazi yake ni kuendesha skana, kifaa kama tochi ndogo kinachomulika kinywa kwa mwanga wa buluu na kutuma picha kwenye skrini. Jino zima hung'aa kijani. Palipoanza kuoza huonekana pekundu, hata pale jicho la daktari lisipoona kitu.

Hana ugomvi na mashine. Imeokoa meno mengi, na kila asubuhi huiombea kabla ya kuiwasha. Ugomvi wake ni juu ya zile dakika mbili.

Ukoga, ule utando wa kinywa kisichosuguliwa, nao huonekana mwekundu. Hata madoa ya kahawa yanaweza kuidanganya skana. Anayepiga picha kabla ya kusafisha ataona uozo usiokuwapo. Lakini miezi mitano iliyopita meneja wa kliniki alifuta kupiga mswaki, ili wagonjwa arobaini wa siku wawe sabini. Miswaki ikafungiwa stoo.

Mama Mswaki alitii kwa wiki tatu. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo.

Katika wiki hizo alikuja fundi cherehani, mama wa makamo, kwa uchunguzi wa kawaida. Hakuwa na maumivu. Skrini ikaonyesha magego mawili mekundu. Daktari, kijana aliyeanza kazi mwezi huohuo, akaiamini picha na kutoboa yote mawili.

"Mimi nilikuwa nimeshika mrija wa kunyonya mate," anasema Mama Mswaki, na sauti inampanda. "Daktari alipofika la pili akasimamisha mashine ya kutoboa, akaniangalia. Ndani kweupe, kugumu, hakuna kitu. Na mgonjwa yuko katikati yetu, mdomo wazi, anatuamini. Mungu alimpa jino zima, sisi tukalitoboa."

Fundi aliambiwa meno yamezibwa vizuri. Jumapili, baada ya ibada, Mama Mswaki alimfuata nyumbani akamweleza ukweli. Fundi hakupiga kelele. Aliuliza tu kama na lile la kwanza lilikuwa zima.

Lilikuwa zima pia.

Tangu siku hiyo Mama Mswaki ananunua miswaki kwa mshahara wake. Foleni huchelewa, na wiki iliyopita meneja alimpa fomu ya kukubali kupiga picha bila mswaki. Asipoisaini hadi Ijumaa, kazi hana.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alimtania kwamba asaini tu, maana meno si yake. Mama Mswaki alimnunia siku mbili.

Jumatatu meneja alishuka mwenyewe kuharakisha foleni, kikombe cha kahawa mkononi. Mama Mswaki alimwomba kwa adabu akae kitini, awaonyeshe watu jinsi mashine ilivyo ya haraka. Akakaa. Kweli, ilikuwa haraka. Skrini inatazamana na mlango, na foleni nzima ikaona: meno kumi na moja mekundu.

"Tuanze kutoboa lipi, bosi?" alimuuliza.

Watu walicheka. Meneja alifuta mdomo, akasema skana inahitaji fundi, akapanda ngazi. Alipotafutwa kwa ajili ya habari hii, alijibu kupitia katibu wake kwamba kliniki inafuata utaratibu.

Mama Mswaki hacheki anaposimulia. Anachotaka ni mistari miwili ibandikwe juu ya kiti: mswaki kwanza, picha baadaye. Fomu iko mfukoni mwa aproni, imekunjwa pamoja na picha ya kinywa cha meneja.

"Ijumaa nitampelekea zote mbili," anasema, huku akimnyooshea mswaki mgonjwa anayefuata. "Akikubali tumtoboe yote kumi na moja, na mimi nasaini."