Filamu ya Baba na Kompyuta Iliyochemka

Mwaka ule wa kwanza bila baba, mama aliniomba jambo moja tu: siku ya misa ya kumkumbuka, ndugu wakishakula, wamwone tena akiimba. Vipande vya video vilikuwa vimetapakaa kwenye simu za watu, kuanzia Mulongwe mpaka Luberizi. Nikavikusanya, na kwa kuwa mashine yangu ya zamani ilishindwa, nikaunda kompyuta mpya kwa mikono yangu, sebuleni kwa mama. Nilijivuna sana. Nikatangaza kwamba mtu yeyote asiiguse.

Jumatatu niliiacha ikiunganisha vile vipande, nikaenda kazini. Niliporudi ilikuwa imejizima. Jumanne vilevile. Kumbukumbu yake ilionyesha kwamba prosesa ilifika digrii tisini na tano. Nikaamua kosa ni volteji, kwamba bodi kuu ilikuwa inailisha prosesa umeme kupita mahitaji yake. Nikaipunguza kidogo, nikakaa mbele yake saa nzima, ikatulia kwenye sabini. Nikatoka kifua mbele. Nikarudi, imejizima. Nikapunguza tena na tena, hadi ikakosa nguvu na kuganda kabla hata ya kuwaka vizuri. Nikapandisha kidogo. Siku hizo nilikuwa mkali, hata chai ya mama niliinywa nimenuna. Misa ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa nilisahau funguo, nikageuka njiani. Nikaikuta kompyuta, iko kazini, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha televisheni cha siku za wageni. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, juu kabisa ya matundu ya kutolea hewa ya moto. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina chake, viti vina vyao. Kumbe kila siku mama alikuwa akiifunika nikitoka, na kuifunua akisikia viatu vyangu uani.

Nilifungua mdomo nigombe. Akanitangulia, kwa sauti ya chini.

"Vumbi iko mingi, mutoto wangu. Na baba yako iko mule ndani. Minye sikuweza kumuacha hivi hivi."

Hasira yote ikaniishia. Nilimpenda mno saa ile. Nikamweleza tu kwamba kompyuta inapumulia kwa juu. Alisikitika, akakitoa kitambaa, akavuta kiti karibu nayo.

Niliporudi jioni nilimkuta palepale, kitambaa mkononi, anaipepea taratibu. Aliniuliza joto lake sasa ni ngapi. Nikatazama: digrii arobaini. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupepea.

Filamu ilikuwa imekamilika tangu mchana, na kompyuta ilikuwa imepumzika tu. Sikumwambia aache.