Foleni ya Kuangalia Nyumba ya Zamani

Juzi pale Iringo nilikuta foleni mbele ya nyumba kuukuu ya mfanyabiashara, ile yenye milango mizito ya mbao na baraza pana. Walikuwa wanachuo wageni, wamekuja Musoma kuangalia majengo ya kihistoria. Sakafu imeoza, kwa hiyo mwalimu wao aliwaingiza wachache wachache, wengine wakasubiri nje.

Sasa nani katika mji huu, siku hizi za uhaba wa bidhaa, anaipita foleni? Mama mmoja alitua ndoo yake nyuma ya mwanachuo wa mwisho. Mwingine akaweka jiwe kushika nafasi, akakimbilia mtaa wa Kitaji kuita majirani, nao wakaja kupanga mawe yao. Punde foleni ikazunguka kona. Hakuna aliyeuliza kinachogawiwa, maana anayeuliza anapitwa.

Mama wa ndoo alipofika ndani, akaangaza huku na huku.

"Mwalimu, sukari iko wapi?"

"Mama, hapa tunaangalia historia. Hili lilikuwa duka. Rafu hizi zilijaa sukari, sabuni, khanga. Mtu aliingia tu, akanunua."

"Bila foleni?"

"Bila foleni."

"Na kibali cha balozi wa nyumba kumi?"

"Hakikuhitajika."

Mama akapitisha kiganja juu ya rafu tupu, taratibu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha akatoka barazani.

"Sukari hakuna," akawatangazia wenzake, "lakini msiondoke. Ingieni muone mahali ilikuwaga inakaa."

Wakubwa wanaolalamika kwamba wananchi hatujali historia yetu, karibuni Iringo. Hakuna hata mmoja aliyeondoa jiwe lake.