Bahati Niliyoichagua Mwenyewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau majina ya wajukuu zangu, hiyo sitaisahau. Nakusimulia leo kwa sababu nimechoka. Juzi nilisimama nyuma yako ofisini Mbarara, ukichagua kwa kompyuta watoto wa kupelekwa shule. Nikakuona unabonyeza, unatazama majina, unakunja uso, unabonyeza tena. Nilitamani kukupiga kofi mkononi. Nilijizuia kwa kuwa hata mimi nimewahi kufanya hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka Uvira, kule Kongo, na cheti cha sekondari na kozi fupi ya kompyuta, na hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale hayo mawili yalitosha kunifanya nijione mtu mkubwa. Kituo chetu cha akina mama kilipata nafasi kumi na tano za kwenda kujifunza ushonaji Kakoba, mjini Mbarara, miezi sita, pamoja na malazi. Walioomba walizidi mia. Kila mmoja ana watoto, kila mmoja ana shida yake. Ungechagua kwa huruma ungegombana na kijiji kizima. Basi wakakubaliana kompyuta ichague, kwa kuwa yenyewe haimjui mtu.

Aliyewekwa kunisimamia ni Mama Nabintu, mwenyekiti wa akina mama, mkulima wa mahindi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Akaketi kando yangu na daftari lake. Nikaandika majina yote kwenye safu moja, na pembeni ya kila jina nikaweka fomula ya RAND, ile inayotoa namba yoyote bila mpangilio. Nikayapanga majina kufuata namba, kuanzia ndogo. Kumi na tano wa juu ndio waliochaguliwa. Mama Nabintu akayanakili pole pole, herufi kwa herufi, kisha akaondoka kwenda kupalilia.

Nikabaki peke yangu na orodha, na Noela hayumo.

Noela alikuwa rafiki yangu tangu nyumbani. Tulikimbia pamoja, tukalala pamoja kwenye kituo cha mapokezi cha Kabazana tukisubiri kupewa viwanja. Na jina la kumi na tano lilikuwa la Furaha, mama mmoja aliyefika mwezi uliotangulia, hana ndugu, hajulikani na mtu. Sasa wewe unajua tabia ya fomula ile: ukigusa chochote, namba zote zinabadilika. Nikapanga upya. Noela hayumo. Nikapanga tena. Nikajiambia, si bado ninaiachia kompyuta? Mara ya saba Noela akatokea wa nne, na Furaha hayumo. Nikachapa orodha, nikaibandika ukutani, nikaenda kunywa chai nimeridhika. Mpumbavu mimi!

Asubuhi yake Mama Nabintu akaja amemshika Furaha mkono. Alikuwa amemkuta njiani jana yake akampa habari njema, na Furaha alikuwa amekwisha kumgawia jirani kuku wake, tayari kwa safari.

“Weye mutoto,” Mama Nabintu akasema, “hii majina ya ku ukuta ni ya nani?”

“Ni ya kompyuta, mama. Ni bahati tu.”

“Na hii niliandika mu daftari?”

Nikaanza kumweleza kwa maneno makubwa jinsi namba zinavyojigeuza. Akaniacha nimalize.

“Ulifanya mara ngapi?”

“Saba.”

“Kompyuta ilichagula mara ya kwanza. Ya saba ni weye ulichagula. Na huyu mama utamuambia nini? Kama bahati haimupendi?”

Furaha alikuwa amesimama mbele ya ukuta, anapitisha kidole jina hadi jina, anajitafuta.

Mchana ule ule nilisimama mbele ya akina mama wote nikasema nilichofanya. Orodha ya kwanza ikarudi. Noela akaniuliza, mbele yao, “Nani alikutuma?” Kweli, hakunituma. Lakini kwenye foleni ya maji walimcheka miezi mingi kwamba alitaka kupita mlango wa nyuma. Siku hizi anakaa Biharwe na mume wake, na tukikutana tunasalimiana kama watu wasiojuana. Furaha alisoma, leo anashona sare za watoto wa askari kwenye kambi ya jeshi Mbarara. Hajawahi kunitajia siku ile. Ningependa hata anitukane.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Kabla hujabonyeza, sema mbele ya watu unachagua wangapi, na kwamba utafanya mara moja. Namba zikitoka, zinakili uzibandike zikiwa namba tupu, bila fomula, zisigeuke tena, ndipo upange. Chapa, mashahidi watie sahihi kabla hawajainuka. Ukiwa na mtu wako kwenye orodha, mwachie mwenzako kompyuta. Unayempenda asipotoka, lia ukitaka, lakini usiguse. Na ile orodha ya juzi, nenda kawaambie wazazi ukweli, kisha uirudie mbele yao. Usiniambie eti faili lilijigeuza lenyewe. Uongo huo niliusema kabla hujazaliwa.

Haya, nenda. Mungu akupe watu wa kukuamini, mwanangu, na akupe nguvu ya kustahili imani yao siku ambayo hakuna anayekutazama.