Mfaransa Aliyeomba Ufadhili wa Waskoti

Murdena MacKillop alikuwa mtu wa kushuku. Miaka mingi aliendesha basi la shule kaskazini mwa kisiwa cha Cape Breton, Kanada, na kazi ile ilimzoesha kutazama kiooni nani anamfinya nani huku akijifanya malaika. Alipostaafu, Chama cha Waskoti cha kijijini kilimweka kwenye kamati ya ufadhili, ule unaompeleka kijana mmoja kila mwaka kusoma Uskoti, mradi awe wa damu ya huko. Mwaka uliopita walipigwa changa la macho: kijana waliyemsomesha hakuwa na hata tone la damu hiyo, na kisiwa kizima kikawacheka.

Kwa hiyo jina la Rosalie Doucet liliposomwa, vikombe vya chai vilisimama hewani.

"Doucet?" Murdena aliuliza. "Mfaransa wa kijiji cha Chéticamp anatafuta nini kwetu?"

"Anataka kusomea magonjwa ya samaki. Anasema bibi yake ni MacKillop wa huku huku," alijibu mwenyekiti, Lachie Buchanan, akipaka siagi kwenye mkate wa oti bila kumtazama. "Nenda ukamwone, Murdena. Wewe hudanganyiki."

MacKillop lilikuwa jina la marehemu mumewe, Hector. Na kila vuli, Hector alikuwa akiwasha gari na kwenda peke yake upande wa Wafaransa. Kutazama mashua, alisema. Hakurudi na mashua hata siku moja. Murdena, aliyeletwa bibi harusi kutoka bara, hakuthubutu kumuuliza, lakini moyoni alijua kuna mwanamke. Sasa mwanamke mwenyewe amejipachika jina, na mjukuu anakuja kudai urithi. Njia nzima hadi Chéticamp meno yake yalikuwa yameumana.

Rosalie alimfungulia mlango. Msichana mrefu, mikono ina unga. Murdena alimtazama masikio. Yalikuwa ya Hector, yamechomoza vilevile.

"Karibu, Bibi MacKillop. Bibi yangu anakusubiri jikoni."

Kikongwe aliyekaa karibu na jiko hakuinuka. Murdena hakusalimia. Alimtupia kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Waskoti, swali ambalo kila mtu wa kisiwa kile huulizwa: "Wewe ni wa nani?"

"Wa Neil, mwana wa Angus, mwana wa Neil Mkubwa," kikongwe alijibu kwa Kigaeli hicho hicho, kwa lafudhi ya bonde la akina Hector.

"Huyo Neil ni baba mkwe wangu."

"Na ni baba yangu. Mimi ni Kate. Hector ni mdogo wangu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni."

Murdena alikaa bila kukaribishwa. Kate akamweleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma hesabu ya mtu mwingine. Aliolewa na Mfaransa, Mkatoliki. Baba yake, mzee wa kanisa la Kipresbiteri, akapiga marufuku jina lake kutajwa nyumbani, na alipokuwa anakata roho akamwapisha Hector asilitaje kamwe. Hector hakukivunja kiapo. Alikuja kila vuli, akakaa, akanywa chai, akaondoka.

"Nami nikamnunia kila vuli," Murdena alisema polepole. "Nilidhani ana hawara."

Kate hakucheka. "Na leo umefuata nini? Kumnyima mjukuu wangu?"

"Nilikuja kwa hilo, ndiyo."

"Basi angalau husemi uongo."

Murdena aliporudi alipitia moja kwa moja kwa Lachie. "Ulijua?"

"Kila mtu alijua, Murdena. Tulidhani na wewe unajua."

"Mlidhani, au mlinyamaza?"

Lachie alijikuna shingo. Mpaka leo Murdena haamini kwamba alitumwa kule kwa bahati tu.

Kamati ilipokutana alisema neno moja: "Ni wetu." Wakamwambia basi, kwa kuwa ni wifi wa bibi yake Rosalie, atoke nje wakati wa kura. Alikaa kwenye korido, sikio mlangoni, akiwa na hakika kwamba jina la Kifaransa litawashinda. Halikuwashinda. Rosalie alisafiri mwezi Septemba.

Jumapili iliyofuata Murdena alimleta Kate kula chakula cha mchana, katika nyumba ya Hector, ile ile Kate alimozaliwa. Kate alifika mlango wa jikoni, wanaoupitia watu wote, akasimama.

"Huu ndio mlango niliofukuziwa," alisema. "Siingii huu."

"Wa mbele haujafunguliwa tangu lilipotoka jeneza la Hector, wifi. Kuna kabati nyuma yake."

"Nitangoja."

Murdena hakujua kama anajaribiwa au anaadhibiwa. Kisha akaingia ndani, akavua koti, akaanza kulisukuma kabati.